Sijui ya Orville, Sijui Yangu

Kwa miaka thelathini na tisa, kila Jumamosi ya pili ya Desemba, nimesimama katikati ya ukumbi wa hoki ya barafuni wa mji wetu wa Sorrel Lake na kumtaja Orville Stackhouse mbele ya watu mia tano. Simtukani. Nasimulia tu. Nawakumbusha kwamba mwaka 1984 boila la kiwanda cha karatasi lilipasuka na kuua wafanyakazi sita, mmoja wao kaka yangu Reino, miaka ishirini na saba. Nawakumbusha kwamba kwenye uchunguzi jaji aliuliza ni nani aliyeamuru vali ya usalama ifungwe kwa waya ili kazi isisimame. Orville alikuwa msimamizi wa zamu ile. Alikuwepo, alisikia amri ikitolewa, na alimjua aliyeitoa. Akajibu neno moja: "Sijui." Basi lawama ikatafuta pa kutua, ikatua juu ya wafu, maana wafu hawana wakili. Ripoti ikaandika kwamba vali ilifungwa na Reino Kivelä kwa uzembe wake mwenyewe.

Kisha namalizia: "Boila lilituua mara moja. 'Sijui' inatuua kila siku." Watu hupiga makofi, filimbi inalia, mashindano ya kumbukumbu yanaanza.

Binti yake Orville, Glenda, huja kila mwaka. Hukaa safu ya tatu karibu na mlango, amevaa koti jekundu, na hajawahi kutoka kabla sijamaliza. Orville mwenyewe alifariki mwaka 1991. Mimi sikuacha. Sikuona kwa nini niache.

Mwaka huu yalikuwa mashindano ya arobaini.

Niseme mimi ni nani, ili mjue mtu aliyefanya jambo hili hakuwa mjinga. Naitwa Tauno Kivelä. Shule niliiacha nikiwa na miaka kumi na tano. Kilichobaki nilijisomea kwenye rafu za ukumbi wa wafanyakazi ambao babu zetu Wafini waliujenga kwa mikono yao, vitabu vyenye ukungu na kurasa zilizochanika, juu ya haki, mishahara na migomo. Mwaka 1996, kwenye mgomo, nilikaa wiki kumi na moja kwenye lango la kiwanda kwenye baridi ya kupasua mawe. Nakumbuka kila aliyevuka mstari wetu kuingia kazini, kwa jina, na gari aliloendesha. Kiwanda cha karatasi kilipofungwa, kikabaki cha mbao peke yake, na vijana wakahama. Mafundi wakawa hawapatikani. Ndipo serikali ikaleta mpango: miji midogo kama wetu ijichagulie mafundi kutoka nje. Mwajiri anatoa ajira, kamati ya mji inampima mwombaji kwa alama, na akifika sitini anapewa barua ya mapendekezo. Kwa barua hiyo anaomba ukaazi wa kudumu na kuleta familia yake. Bila barua, kibali chake kikiisha, anafunga virago.

Niliposikia habari ya kamati nilipiga kelele mpaka nikaingizwa. Nilisema nataka kuwamo ndani ili wageni wasije wakafanywa punda. Hayo ndiyo maneno niliyotumia, na yamo kwenye kumbukumbu za kikao.

Rodelio Magbanua alikuja kwetu miaka mitatu iliyopita, fundi mitambo wa kiwanda cha mbao. Kwao ni General Santos, Ufilipino, bandari ya jodari, ambako alifanya kazi miaka kumi na minne kwenye viwanda vya barafu ya samaki. Alimwacha mke wake, Marivic, na binti wa miaka minne. Binti sasa ana saba, na kwenye simu alikuwa ameanza kumsalimia baba yake kwa adabu, kama anavyosalimiwa mgeni. Hilo ndilo pekee nililowahi kumsikia akilalamikia. Baridi hakuilalamikia hata siku moja.

Kibali chake kilikuwa kinaisha Januari, na kiliandikwa jina la mwajiri mmoja: kiwanda cha mbao. Kupokea malipo ya kazi kwa mtu mwingine yeyote ni kosa. Alama zake zilikuwa hamsini na sita. Zile kumi za "kushiriki maisha ya mji" zilikuwa bado tupu, kwa sababu mtu anayekesha kwenye misumeno usiku kucha hana saa ya kwenda kuimba kwaya. Na barua za mji wetu kwa mwaka ni kumi na mbili. Kufikia Novemba ilikuwa imebaki moja.

Novemba hiyo hiyo kompresa inayogandisha sakafu ya ukumbi wa hoki ikafa. Fundi mwenye leseni yuko mjini, ule mji mkubwa ulio mwendo wa saa tano, na alijibu kwenye simu kwamba atakuja baada ya mwaka mpya. Mwenyekiti wa ukumbi alikuwa ameshakimbilia Florida, kama afanyavyo theluji ya kwanza ikianguka. Funguo alikuwa ameniachia mimi, katibu wa mashindano. Zilibaki wiki tatu. Sakafu ya ukumbi ilikuwa na maji kama shamba la mpunga.

Jumamosi nikamwalika Rodelio kwenye sauna yangu, chumba cha mvuke cha Wafini. Kwetu ukitaka kumwomba mtu jambo zito unamwomba mkiwa uchi na jasho linawatoka. Hapo hakuna mkubwa wala mdogo. Ndivyo tunavyopenda kujidanganya.

"Ndugu yangu," nikamwambia, "si ulikuwa unatengeneza barafu huko kwenu?"

"Barafu ya samaki, Manong Tauno." Manong ndivyo wanavyomwita mtu mzima wanayemheshimu. "Samaki hawachezi hoki."

"Barafu ni barafu."

"Mtambo wenu ni wa amonia?"

"Wa amonia."

Alichota maji akayamwagia mawe, mvuke ukatufunika, nikawa naisikia sauti yake tu. "Amonia si mchezo, Manong. Na hapa mnataka leseni. Leseni yangu ya kwetu hapa ni ya kufungia maandazi."

"Leseni! Leseni ni senyenge waliyoiweka wenye nacho. Mikono yako inajua, haijui?"

"Mikono inajua."

"Basi. Unajitolea, unausaidia mji. Na mimi nitakuandikia barua kwa kamati: huyu bwana ni mwenzetu, ametuokolea ukumbi. Alama kumi hizo, unazila mchana kweupe."

"Wewe mwenyewe utaandika?"

"Mimi mwenyewe. Nani kwenye kamati ile atabishana na mimi? Wananiogopa hata nikikohoa."

Akacheka. "Mke wako alisema huwa unakohoa sana."

Alikuja siku nne, kila asubuhi akitoka zamu, bila kulala. Alifungua kompresa, akabadilisha sili zilizokuwa zikivujisha gesi, akasafisha vali moja moja, macho mekundu kwa ile harufu inayochoma hadi kooni. Alinikataza nisiingie kwenye chumba cha mtambo. "Wewe una mapafu ya karatasi, kaa nje," alisema. Siku ya nne kompresa ikanguruma, na jioni maji yakaanza kushikana. Nililia, sioni haya kusema. Niliwaona wale sita wakipata kumbukumbu yao ya arobaini.

Nikampa paja la musi, yule mnyama wetu wa msituni mwenye pembe pana kama sinia. Nilikuwa nimempiga risasi Oktoba. Rodelio alilikumbatia lile paja kama mtoto akaomba nimpige picha. "Marivic hataamini. Nitamwambia huku mbuzi wana ukubwa huu."

Halafu nikafanya upuuzi ambao ni mtu wa Sorrel Lake tu anaweza kuufanya.

Gazeti letu dogo hutoka Alhamisi, na ukurasa wake wa mwisho ni wa kadi za shukrani. Ukivutwa gari lako kwenye theluji, unaweka kadi. Ukiletewa supu ya msiba, unaweka kadi. Na unataja ulichorudisha, usije ukaitwa mchoyo: fulani tumempa sanduku la bia, fulani mama amemfumia soksi. Asiyeweka kadi husemwa mwaka mzima. Sikufikiri. Nilikaa mezani nikaandika: "Marafiki wa Ukumbi wanamshukuru Rodelio M. kwa kazi aliyotufanyia kwenye mtambo. Amelipwa paja zima la musi, na amelistahili!" Jina langu sikuweka. Miaka arobaini nasoma sheria za kazi, najua neno moja linavyoweza kumla mtu, na mkono wangu mwenyewe ukaandika "amelipwa."

Kamati ilikutana Jumanne, maktaba, siku kumi na moja kabla ya mashindano. Tuko saba. Mwenyekiti ni Glenda Stackhouse, mwenye duka la vifaa vya ujenzi. Ndiyo, yule yule wa koti jekundu. Kwenye kamati tulikuwa tunaongea kwa adabu, kama watu wanaopishana kwenye ngazi nyembamba.

Barua moja, waombaji wawili: Rodelio, na mpishi wa moteli ya barabarani mwenye alama sitini na moja. Mimi nilikuwa nimejiandaa kuwaambia kwamba Rodelio ana alama nyingine kumi njiani. Kabla sijafungua mdomo, Glenda akatoa bahasha.

"Hii imewekwa chini ya mlango wangu. Haina jina," akasema, na akakisoma kipande cha gazeti kwa sauti. Alipofika kwenye "amelipwa" akalirudia kwa upole.

Curtis Haldane, mwenye moteli, aliegemea kiti. Alikuwa amejitoa kwenye kura kwa sababu mpishi ni wa kwake, lakini mdomo hakuuacha nyumbani. "Kafanya kazi nje ya kibali na kalipwa. Mbona jambo liko wazi?"

"Kalipwa nyama, Curtis," akasema mama wa maktaba. "Sote tunalipana nyama."

"Sote si wa kibali."

Glenda aliinua mkono. "Nimemuuliza Rodelio kwa simu. Amesema aliombwa na rafiki, kwamba ilikuwa kujitolea, nyama ni zawadi. Nikamuuliza rafiki gani, hakumtaja. Sasa, kama mkazi wa mji huu ataandika na kusaini kwamba yeye ndiye aliyemwomba ajitolee, hilo si kosa, na alama kumi anapata. Kama hakuna, hatuwezi kumpendekeza." Kisha akanigeukia. Hakukaza macho. Aliuliza kama mtu anavyouliza saa. "Tauno, wewe uko pale ukumbini kila siku. Nani alimpa Rodelio ile kazi?"

Nataka nieleze kilichopita kichwani, siyo kwa kujitetea. Niliona fomu ya bima ya ukumbi, mahali panaposema mtambo wa amonia usiguswe na asiye na leseni. Niliona saini yangu kwenye faili la serikali, na baada ya saini, mkaguzi, kufuli mlangoni, na viti mia tano vitupu Jumamosi ya pili ya Desemba. Niliwaona wale sita. Niliona nikitolewa kwenye kamati na Curtis akitabasamu. Na chini ya yote hayo kulikuwa na kitu kidogo, kibichi, kisicho na hoja yoyote: woga. Woga wa mzee anayeangaliwa na watu sita.

"Sijui," nikasema. "Nitaulizia."

Glenda alinitazama kwa muda wa pumzi moja. Akaandika kitu kwenye daftari.

"Basi tuahirishe," akasema. "Tumpe mpaka Ijumaa ya wiki ijayo, saa sita mchana. Baada ya hapo naweka barua kwenye posta."

"Kwa nini tumpe muda?" Curtis akauliza.

"Kwa sababu kuna watu huwa wanahitaji siku chache ili kujua wanachokijua."

Nilirudi nyumbani kwa miguu. Mke wangu, Irma, aliniuliza kikao kilikuwaje, nikamwambia kirefu. Alikuwa ameshaipata habari dukani kabla sijavua viatu. Aliendelea kumenya viazi, akasema bila kuinua kichwa, "Kadi ile uliiandikia kwenye meza hii, Tauno."

"Najua nilipoandikia."

"Nakukumbusha tu. Wewe ndiye mwenye kumbukumbu ndefu."

Siku nane zikapita. Sikuandika chochote. Kila asubuhi nilitoka nikaenda ukumbini kupanga viti.

Rodelio alinifuata huko Jumatano, siku mbili kabla ya mwisho. Alikuwa ametoka zamu, vumbi la mbao kwenye nyusi kama mtu aliyezeeka ghafla. Alisimama kwanza kuisikiliza kompresa, akainamisha kichwa kama daktari.

"Anakohoa kidogo," akasema. "Kama wewe." Mimi sikucheka. Akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne. "Nimekuandikia mimi, ili usisumbuke. Mistari mitatu tu. Wewe weka jina."

Niliisoma. Ilikuwa kweli tupu, kwa maneno mazuri kuliko ya kwangu.

"Rodelio, ndugu yangu. Jumapili. Mashindano yakiisha tu, nasaini kumi kama hizi."

"Mwisho ni Ijumaa, Manong."

"Nitaongea na Glenda. Ataongeza siku mbili. Karatasi hii ikifika bima kabla ya Jumamosi wanafunga ukumbi. Unaelewa? Ni ya arobaini. Ni watu sita waliokufa kazini, wafanyakazi kama wewe."

"Naelewa," akasema. "Kwetu pia tunawakumbuka waliokufa. Tunapeleka chakula makaburini, tunakaa nao siku nzima." Akafuta nyusi zake kwa kiganja. "Ila hatuwapi na kiti cha aliye hai."

"Usiseme hivyo."

"Sawa, nimefuta."

"Kwa nini hukunitaja kwa Glenda? Ungenitaja tu."

Alishangaa kweli, kama nimemuuliza kwa nini hakuiba. "Nikutaje wakati wewe mwenyewe uliahidi kuandika? Niwe mtu aliyemchongea mzee aliyempa nyama? Hapana. Jina ni la kwako, Manong. Ulitoe wewe."

Akaiacha karatasi juu ya meza ya tiketi.

Ijumaa saa nne asubuhi nilikwenda dukani kwa Glenda. Karatasi ilikuwa kwenye mfuko wa ndani wa koti, na kalamu. Nilikuwa nimeshaamua. Naapa nilikuwa nimeamua, tangu kitandani mpaka mlangoni. Kengele ya mlango ikalia. Glenda alikuwa peke yake nyuma ya kaunta akipanga rangi. Kwenye ukuta nyuma yake kuna picha ya baba yake akiwa kijana, ameshika samaki. Sijawahi kuitazama picha ile vizuri, miaka yote. Alikuwa na masikio makubwa kama mtoto wa shule.

"Nikusaidie nini, Tauno?"

"Misumari," nikasema. "Ya inchi mbili."

Alipima, akaifunga kwenye mfuko wa karatasi. Hakuharakisha. Aliusogeza mfuko kwangu na mkono akauacha juu yake.

"Kuna kingine?"

Saa ya ukutani ilikuwa inagonga. Nilihisi ile karatasi kifuani kama mkaa. Mimi niliyesimama mbele ya polisi na mbwa wao mwaka 1996. Mimi niliyemwita waziri mwongo, ana kwa ana, kwenye mkutano wa hadhara.

"Misumari tu," nikasema.

Akaondoa mkono.

Jumamosi ukumbi ulijaa mpaka watu wakasimama kwenye ngazi. Barafu iling'aa kama kioo. Rodelio hakukaa na watu. Alikuwa chini, kwenye chumba cha mtambo, kwa sababu kompresa iliendelea kukohoa na alihofia ingezima katikati ya mechi. Hakuna aliyemwomba. Nilimwona akishuka na tochi yake.

Nikachukua kipaza sauti. Nikasoma majina sita. Nikasimulia boila. Nikasimulia waya kwenye vali. Nikafika kwa jaji, na swali lake. Kisha nikamwona Glenda, safu ya tatu, koti jekundu, mikono mapajani, akingoja jina la baba yake kama mtu anayengoja sindano aliyoizoea.

Nikashusha macho kwenye barafu.

"Hatukupata jibu," nikasema. "Mashindano yaanze."

Makofi yalikuja kwa kuchelewa na kwa kutawanyika. Watu walitazamana. Mzee mmoja safu ya mbele alisema kwa sauti, "Karuka! Tauno karuka!" Wengine wakacheka, wakadhani nimezeeka.

Mapumziko ya kwanza Glenda alinikuta kwenye korido karibu na mlango wa mtambo.

"Umemruka baba."

"Ndiyo."

"Miaka thelathini na tisa nimekaa pale nikakusikiliza. Unajua kwa nini nilikuwa nakaa?"

"Sijui," nikasema, na neno lenyewe likanirudia usoni.

"Kwa sababu ulikuwa unasema kweli. Alijua. Alikuja nyumbani siku ile ya uchunguzi akakaa bafuni mpaka jioni, na baada ya hapo hakuwahi tena kula nasi meza moja, alikula amesimama. Nilikuwa na miaka kumi na moja. Hakuna aliyempa mpaka Ijumaa, Tauno. Jaji aliuliza mara moja, akafunga faili. Nikasema nikipata mimi kumuuliza mtu swali kama lile, nitamwachia siku." Sauti yake haikupanda. "Nilikuuliza mara mbili."

Nikaitoa ile karatasi. Nikaisaini hapo hapo, nimeiegemeza ukutani, haraka haraka mpaka jina likawa kama la mtu mwingine. Akaipokea. Akaisoma yote.

"Barua nimeiposti jana saa nane," akasema. "Ya mpishi. Nilingoja saa mbili zaidi ya muda."

"Iandikie wizara. Waeleze."

"Nitaandika. Watajibu kwamba barua zetu zimekwisha na mwaka mpya aombe upya. Na kibali chake kinaisha Januari." Aliikunja karatasi kwa mikunjo ile ile minne. "Hii naiweka kwenye faili. Kwenye kamati usirudi."

Chini yetu kompresa ilikohoa, ikasita, na nikamsikia Rodelio akigonga kitu kwa spana, mara mbili, taratibu. Ikanguruma tena. Juu mchezo ulikuwa umerudi, watu wakashangilia. Mtu alikuwa amefunga bao.

Kila nililohofia lilitokea, ila baada ya muda wake. Bima walikuja Jumatatu, ukumbi ukafungwa wiki saba, fundi wa mjini akaja na leseni yake akafungua mtambo. Nilikuwepo. Alitazama zile sili akasema aliyezifunga alijua kazi, yeye mwenyewe hana cha kuongeza. Akasaini, akaondoka. Wiki saba. Nilimuuza mtu kwa wiki saba, na hata hizo sikupata kuziokoa.

Niliandika wizarani, kwa mbunge, na kwa chama cha wafanyakazi, kurasa na kurasa. Najua kuandika. Wote walijibu kwa heshima.

Basi la kwenda mjini husimama kituo cha mafuta saa tatu asubuhi. Tarehe kumi na tisa Januari nilimpeleka Rodelio kwa gari langu, yeye hakuniomba na mimi sikujua la kufanya zaidi ya hilo. Alikuwa na begi moja na boksi la plastiki la kubebea samaki. Baridi ilikuwa ya kukatisha pumzi, mvuke wetu ukipanda kama wa farasi. Nilikuwa nimetunga hotuba usiku mzima na sikukumbuka hata neno lake la kwanza.

"Rodelio, nimekukosea."

"Ndiyo, Manong," akasema. Hakusema si kitu. Nilikuwa natumaini angesema si kitu.

"Mwakani uombe tena. Nitatafuta watu, nitaandika..."

"Kuna kazi Taiwan, kiwanda cha barafu. Miaka miwili." Akatazama barabara. "Binti atakuwa na tisa."

Basi likaonekana kwenye kona, taa zikiwaka. Alifungua boksi. Ndani mlikuwa na paja la musi, limeganda kama gogo, limefungwa kwenye gazeti letu la Alhamisi. Kipande kidogo tu kilikuwa kimekatwa pembeni.

"Nilikula mara moja, siku uliyonipa," akasema. "Baadaye nilishindwa. Hili ni la kwako."

Nililipokea. Lilikuwa zito, na baridi yake ilipenya glavu mara moja. Dereva alimsaidia begi. Rodelio alipanda, akakaa upande wa pili, upande wa ziwa, na basi likaondoka.

Paja liko kwenye friza, chini kabisa, na Irma hulisogeza kila anapotafuta samaki. Jumapili iliyopita aliniuliza kama alipike au alitupe.

Niliinua kichwa kumjibu, neno lile likaja lenyewe mpaka kwenye meno, na nikafunga mdomo.